Mashine ya kuoshea vyombo imegoma, fundi anasema ni bodi. Nataka kuifungua mwenyewe

#1 Mtumishi wa Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Ofisi iliponihamishia Dodoma nilikuja na mashine ya kuoshea vyombo niliyoinunua kwa familia moja iliyokuwa inarudi kwao Ulaya. Dar ilipiga kazi miaka miwili bila neno. Hapa Ilazo imemaliza miezi saba, sasa imeanza vituko.

Inaosha vizuri tu, ila ikifika hatua ya kumwaga maji inanguruma "ngrrrr" kama dakika moja, inanyamaza, inajaribu tena, kisha inapiga kengele na taa ya kosa inawaka. Ukifungua mlango unakutana na maji machafu yametuama chini, mafuta yanaelea, na vipande vya kitunguu.

Fundi wa kwanza alikuja hata bisibisi hakutoa mfukoni. Kaiwasha, kasikiliza, kasema ile saketi inayoongoza mashine imekwisha: "bodi imekufa bosi, laki tatu na themanini na kazi humo humo, nusu tangulizia." Nikamwambia nitampigia. Sitampigia.

Nina seti ya bisibisi, plaizi na mita ya kupimia umeme ya bei rahisi. Elimu yangu ya umeme ni ile fizikia ya kidato cha nne. Naanzia wapi? Natanguliza shukrani.

#2 Bi Sinki

Kwa hiyo Dodoma hii hii ya mgao kuna watu wana mashine ya kuoshea sahani? Mikono mmeiacha Dar?

Haya, nimeshavuta kigoda. Nafuatilia uzi.

#3 Nusu Spana

Pampu hiyo mkuu, usipoteze muda. Agiza Kariakoo, toa weka. Au umeme wenu mdogo, huko pembezoni umeme jioni unakuwa kama mshumaa.

#4 Fundi wa Kikuyu

Mleta mada, bodi ikifa pampu hainyimwi umeme nusu nusu. Hiyo yako inanguruma, maana yake umeme unafika na bodi imetoa amri. Kinachokosekana ni kuzunguka. Aliyekuambia bodi alikuwa anauza bodi.

Na wewe Nusu Spana, acha kununulia watu pampu.

Mtumishi, fanya hivi, na ufanye mchana kukiwa na mwanga. Kwanza chomoa plagi ukutani. Nimesema chomoa, usizime swichi tu. Nyumba nyingi nilizoingia waya wa moto na wa baridi vimebadilishana, unazima swichi kumbe unakata upande usio na moto. Funga na koki ya maji.

Chota maji yote kwa kikombe, kinachobaki kikaushe na sponji. Chini katikati kuna chujio la duara, lizungushe kinyume cha saa, litoke. Chini yake kuna kishimo. Usiingize mkono hovyo, glasi zikivunjika vipande vinakwenda kujificha humo. Vaa glovu, piga tochi. Pembeni mwa hicho kishimo utaona kifuniko kidogo cha plastiki, kinang'oka kwa kukivuta juu au kina skrubu moja, inategemea mashine. Nyuma yake ndiyo kuna pangaboi la pampu ya kutolea maji.

Lisukume kwa kijiti. Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wanapodanganyika: halizunguki laini kama feni. Linazunguka kwa kuruka ruka, kama linanata kisha linaachia. Ni sumaku ya mota hiyo, ni kawaida. Kama limekaza kabisa, kuna kitu. Kama linachezacheza huku na huku bila sumaku kulishika, mhimili umekatika, hapo tutazungumza habari ya pampu.

#5 Mama Pacha

Mimi ninayo hiyo mashine hapa Kisasa, mwaka wa tatu. Bi Sinki, cheka tu, lakini ikijazwa vizuri inatumia kama lita 10 hadi 15 kwa mzunguko mzima. Mimi na sufuria zangu nikifungua bomba likatiririka, namaliza ndoo tatu nikiwa bado kwenye vikombe.

#6 Bi Sinki

Dada, nani kakwambia ufungue bomba? Beseni la sabuni, beseni la kusuuza, kwisha.

#7 Mama Pacha

Na mafuta ya chipsi yote kwenye beseni la kusuuza. Haya, nimekubali, kwa mabeseni tunakaribiana. Ila mgongo je?

#8 Mbukwenyi

Mbukwenyi wote (ndiyo salamu ya Kigogo)! Mtumishi, mtu akila mlenda kwenye hizo sahani chujio lako halina siku mbili. Mlenda ukikauka ni gundi. Uliza sisi wenyeji.

#9 Mtumishi wa Ilazo

Wakuu, MREJESHO wa kwanza. Jumamosi asubuhi, wife kapeleka watoto kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nikabaki na mashine uso kwa uso.

Nimechota lita nne hivi za maji yenye harufu ya kuku wa juzi. Chujio nilikuta halijajifunga, limekaa upande. Kumbe dada wa kazi alilitoa akalisafisha (kwa nia njema kabisa) akalirudisha bila kulizungusha mpaka lilie "tik". Kwa hiyo chochote kilichoanguka kilipita pembeni.

Kifuniko kimetoka kwa kubembelezwa na mpini wa kijiko. Nikapiga tochi. Wakuu, mle ndani kulikuwa na MBEGU YA UBUYU. Imebanwa kati ya pangaboi na ukuta kama jino. Na nyuzi tatu za stilwaya zimejisokotea kwenye mhimili. Mwanangu wa mwisho anakula ubuyu anatemea mbegu kwenye kikombe, kikombe kinaingia mashineni na mbegu zake.

Nimeitoa kwa plaizi ya mdomo mrefu. Pangaboi nimelisukuma, linaruka ruka vilevile kama alivyosema Fundi wa Kikuyu. Nimerudisha kila kitu, nimewasha hatua ya kumwaga maji peke yake. Maji yametoka yote ndani ya nusu dakika. Laki tatu na themanini!

#10 Nusu Spana

Nilisema pampu. Mbegu ilikuwa kwenye pampu. Nakaribia kuwa sahihi.

#11 Fundi wa Kikuyu

Safi sana. Ila usishangilie bado. Mota iliyosukumwa huku imebanwa inapata joto. Chomoa plagi tena, pima pampu kwa mita kwenye ohm (kipimo cha ukinzani). Nyingi ninazozipima zinasoma kati ya 100 na 250. Ukiona sifuri au mita haisomi kabisa, koili imeungua. Ukipata namba ya kueleweka, iache iendelee na maisha yake.

#12 Mtumishi wa Ilazo

Inasoma 168. Na umeme wa ukutani nimeupima saa 1 jioni, volti 221, kwa hiyo mshumaa wa Nusu Spana tuuweke pembeni.

#13 Mtumishi wa Ilazo

Wakuu, nimerudi na aibu. Imekaa siku nne tu.

Leo naiwasha, hata programu sijachagua, pampu ya kutolea maji inaunguruma yenyewe bila kukoma. Ndani hakuna tone. Maji mapya haingizi. Nikizima na kuwasha, yale yale. Fundi wa Kikuyu, je, sasa ndiyo bodi? Niambie tu ukweli, nimeshakaa chini.

#14 Fundi wa Kikuyu

Kaa kwa kutulia. Swali moja kabla sijasema lolote: nani kaitumia jana, na kaweka sabuni gani?

#15 Mtumishi wa Ilazo

Dada wa kazi. Nimemuuliza. Sabuni ya vidonge iliisha, akaweka ile ya maji ya kuoshea vyombo kwenye sinki. "Kidogo tu, baba." Nimemwambia anionyeshe hicho kidogo. Kijiko cha supu mara mbili.

#16 Fundi wa Kikuyu

Ndiyo hiyo. Sabuni ya mashine imetengenezwa isitoe povu. Ya sinki kazi yake ni povu, na mle ndani kuna mikono inayorusha maji kwa nguvu, kwa hiyo umepiga mayai. Povu likajaa, likatafuta njia kwenye raba ya mlango, likamwagikia kwenye sinia la chini ya mashine.

Kwenye lile sinia kuna boya dogo la plastiki au la thermokoli (lile povu gumu jeupe la kupakia vitu), limekaa juu ya swichi. Maji yakifika chini pale boya linapanda, swichi inabonyezwa, mashine inakata maji ya kuingia na kuwasha pampu ya kutoa bila kujali umechagua nini. Inajua kuna mafuriko. Imewekwa hivyo ili usikute jiko zima linaogelea.

Chomoa plagi, funga koki, toa mpira wa maji. Ivute nje, mfanye wawili, usiikokote juu ya nyaya. Fungua ubao wa mbele chini, skrubu mbili au nne. Utaona sinia. Kausha kwa sponji na kitambaa mpaka boya lishuke lenyewe. Kuna watu wanaiinamisha nyuma maji yamwagike, inafanya kazi pia, ila maji hayo hupita kwenye soketi za nyaya, mimi siipendi njia hiyo.

Ukishakausha, tandika tishu kavu kwenye sinia. Osha mzunguko mmoja bila sabuni, kisha chungulia. Tishu ikiwa kavu, lilikuwa povu. Ikilowana, una mahali panapovuja na tishu itakuonyesha upande gani.

#17 Bi Sinki

Sinki langu halina boya.

#18 Mtumishi wa Ilazo

Nimecheka Bi Sinki, na nilikuwa sina hamu ya kucheka.

Mrejesho: sinia lilikuwa na maji ya povu kina cha kidole kimoja. Nimekausha, boya limeshuka likalia "tak", pampu imenyamaza. Ile kuisafisha sabuni iliyobaki ndiyo kazi, nimesuuza na kumwaga mara tano mpaka maji yakaacha kutoa povu. Tishu imebaki kavu. Namshukuru Mungu.

Lakini sasa nimekaa nayo karibu, naona jambo jingine ambalo nadhani lilikuwepo siku zote. Kuna siku inajaza maji vizuri, kuna siku inavuta, inavuta, inakata tamaa na kuwasha alama ya koki. Na vikombe vya glasi vinatoka na ukungu mweupe, ukivikwangua kwa kucha unatoka unga.

#19 Mbukwenyi

Huo unga ni maji ya visima vya Makutupora hayo. Karibu Dodoma.

#20 Fundi wa Kikuyu

Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Tuanze na kujaza. Siku zinazogoma ni siku za maji ya bomba au siku za tenki?

#21 Mtumishi wa Ilazo

Aisee. Siku za tenki. Tena tenki likiwa limekaribia kuisha. Sikuwahi kuliona hilo.

#22 Fundi wa Kikuyu

Tenki lako lina stendi ya mita ngapi?

#23 Mtumishi wa Ilazo

Stendi ya zege, nimeipima kwa tepu, mita 2 na kidogo. Tenki lenyewe likijaa maji yanapanda kama mita moja juu ya hapo.

#24 Fundi wa Kikuyu

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kila mita moja ya maji kwenda juu inakupa msukumo wa takriban bar 0.1 (bar ni kipimo cha presha). Tenki likijaa una mita 3, ondoa nusu mita kwa sababu mashine inapokea maji juu kidogo ya sakafu, unabaki na bar 0.25. Tenki likikaribia kuisha una 0.16 au chini ya hapo. Soma kibati kilichobandikwa ukingoni mwa mlango, mashine nyingi zinataka angalau 0.3, nyingine 0.5.

Ile koki ya umeme inayoingizia maji ina kiwambo cha raba ndani, na nyingi zinategemea msukumo wa maji yenyewe kukifungua na kukifunga. Msukumo ukiwa mdogo haifunguki vizuri, na wakati mwingine haifungi vizuri. Ukisikia mashine imezimwa na bado maji yanadondoka ndani, ni hiyo.

Kabla hujamwita mtu wa zege, toa mpira wa maji nyuma ya koki ya ukutani. Ndani ya kichwa cha mpira kuna kichujio cha waya, kidogo kama sarafu. Kingine kipo mahali mpira unapoingia kwenye koki ya umeme. Vitoe kwa plaizi taratibu, visugue kwa mswaki. Kisha elekeza mpira kwenye ndoo ya lita 10, shika saa.

#25 Mama Pacha

Hapa ndipo nilipoteseka mimi. Niliuziwa koki ya umeme mpya, kumbe kichujio kimejaa mchanga.

#26 Mtumishi wa Ilazo

Mpira kabla ya kusafisha: ndoo ya lita 10 imejaa kwa dakika 6 na sekunde 20. Kichujio cha kwanza kilikuwa na kutu na mchanga mwekundu, na kipande cha tepu nyeupe ya mafundi bomba. Cha pili kimefunikwa ukoko mweupe, nimekiloweka kwenye siki nusu saa, ukawa unachemka vipovu.

Baada ya kusafisha: dakika 2 na sekunde 45, tenki likiwa nusu. Mashine imejaza bila kulalamika.

#27 Nusu Spana

Wekeni basi na pampu ya kuongeza presha, ile ndogo ya bafuni. Hapa niko serious.

#28 Fundi wa Kikuyu

Leo Nusu Spana kasema neno. Lakini aiweke kati ya tenki na nyumba. Ukiiweka kwenye bomba linalotoka mtaani utakuwa unawanyonya majirani. Au apandishe stendi ifike mita 5. Kwa sasa inatosha, aangalie tu tenki lisishuke chini ya nusu siku anayoosha.

Sasa ukungu wa vikombe. Mji huu kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima, hasa vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora. Maji ya chini ya ardhi yanakuja na kalsiamu na magnesiamu, ndiyo maana birika lako la umeme lina ukoko. Mashine yako ina kidude cha kulainisha maji, kina punje za kunasa hayo madini na kuachia sodiamu badala yake. Punje zikishiba zinaoshwa kwa maji ya chumvi ili zianze upya. Ndiyo kazi ya lile tundu la chini lenye kifuniko cha skrubu. Umewahi kuweka chumvi?

#29 Mtumishi wa Ilazo

Dar sikuwahi. Hapa pia sikuwahi. Nilidhani lile tundu ni la ziada.

#30 Mbukwenyi

La ziada! Miezi saba!

#31 Mama Pacha

Usiweke ile chumvi laini ya mezani yenye madini joto. Ina vitu vya kuzuia isigande, na ni laini mno, inakuwa tope inaziba. Chumvi ya mawe ya sokoni nayo ina uchafu na madini yale yale tunayoyakimbia. Mimi naagiza ya mashine kutoka Dar, mfuko wa kilo 2, unakaa muda mrefu. Mara ya kwanza jaza maji kwenye hilo tundu, kisha chumvi, futa iliyomwagika, na uwashe mzunguko hapo hapo. Ukiiacha inakula bati.

Na uingie kwenye mipangilio upandishe kiwango cha ugumu wa maji. Yangu ilitoka kiwandani imewekwa katikati, nimepandisha karibu na mwisho, glasi ndiyo zikaanza kung'aa.

#32 Fundi wa Kikuyu

Dada kamaliza kila kitu. Mimi naongeza hita tu. Ukoko uliokwishaganda kwenye hita hautaondoka kwa chumvi. Nunua unga wa ndimu, ule wa kutengenezea juisi, gramu 100 hivi, mwaga ndani mashine ikiwa tupu, washa programu ya moto zaidi. Na usidhubutu kuchanganya na jiki. Asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, jiko lote mtakimbia.

#33 Mtumishi wa Ilazo

Mrejesho wa mwisho, wakuu.

Unga wa ndimu umepita, ndani kumekuwa kweupe, kumbe kuta zilikuwa za chuma cha kung'aa, mimi nilijua ni rangi ya kijivu. Mikono ya kurushia maji nimeitoa, nimezibua vitundu kwa kijiti cha meno, kimoja kilikuwa na punje ya wali. Chumvi imewekwa, kiwango kimepandishwa. Vikombe bado vina ukungu kidogo lakini havikwanguki, Mama Pacha anasema hayo ni makovu, glasi ilishaliwa.

Gharama zote: unga wa ndimu 4,000, chumvi na nauli ya basi 31,000, siki ilikuwepo. Dada wa kazi sasa analifunga chujio na kuniita nisikilize "tik".

Ile mbegu wife kaihifadhi kwenye dirisha la jikoni. Anasema ataipanda.

#34 Mbukwenyi

Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu, wazee huimwagia maji ya moto kabla ya kuipanda. Hiyo yako imelowekwa kwenye maji ya moto na sabuni wiki tatu. Ikiota tuletee picha.

#35 Bi Sinki

Mtumishi, kwa siri: ile familia iliyokuuzia, wanazo ndugu zao wengine wanaorudi Ulaya?